Aliiapia chapa, chapa ikamkana

"Mama Nadra, we unauzaka nini kweli?"

Swali hilo Verediane, jirani mwenye kibanda cha viazi vya Mudende, alimuuliza Kaltumu miaka kadhaa iliyopita, wakiwa kila mmoja upande wake wa ua. Alikuwa amemwangalia kwa muda mrefu. Asubuhi anatoka na begi la kompyuta na ngazi fupi, jioni anarudi na begi lilelile na ngazi ileile. Hakuna gunia, hakuna debe, hakuna kitenge kilichokunjwa.

"Nauza neno," Kaltumu alimjibu.

"Neno? Ayi we. Na watu wanalipa?"

"Wanalipa kuliko viazi vyako."

Walicheka wote wawili. Verediane akalipeleka jambo hilo hadi soko la Mahoko, kwamba jirani yake anawauzia matajiri maneno. Wakati ule lilikuwa la kuchekesha.

Leo, saa mbili asubuhi, Kaltumu amesimama peku sebuleni kwa Madamu Umurerwa, katika nyumba ya ghorofa inayotazama Ziwa Kivu. Viatu ameviacha mlangoni. Mbele yake ni ukuta wa jiwe jeusi la volkano, lenye vitundu kama mkate. Katikati ya jiwe, usawa wa macho, kuna kitu cheupe chenye umbo la yai. Kimezama humo kiasi kwamba ncha ya kisu haipiti pembeni. Kina taa moja, na taa hiyo ni nyekundu.

Anakibonyeza kwa kidole gumba. Anasubiri. Anakibonyeza tena, anatazama simu yake, anaitia mfukoni.

"Kimekufa," anasema.

"Cha wageni?"

"Cha kwako, Madamu. Cha chumba cha wageni kilikufa Jumapili."

Umurerwa, mama wa makamo aliyerudi kutoka Ulaya kujenga kwao, si mtu wa kupandisha sauti. Anaketi kwenye mkono wa kochi.

"Na ni wewe ulituambia tuweke hizi."

"Ni mimi."

"Bon. Nilitaka tu tukumbuke pamoja."

Kaltumu ana miaka arobaini na mitatu. Ni binti wa muuza vitambaa katika mtaa wa Waislamu mjini Gisenyi. Kazi alijifunza kwa baba yake mdogo, Muhamadi, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme Goma, upande wa Kongo. Kila asubuhi Kaltumu alivuka mpaka na mkate wake, akauza soketi na betri, akajifunza kufungua redio na kuzifunga zikiwa bado zinasema.

Kisha nyumba kubwa zikaanza kuota kando ya ziwa. Wenyewe walitoka Kigali, wengine walikuwa wakifanya kazi ng'ambo na kujenga kwa simu. Wote walitaka kuta za jiwe la volkano, kwa kuwa ni jiwe la hapa na linapendeza. Jiwe hilo linameza mtandao. Mtu akiwa sebuleni anapata, akiingia chumbani simu yake inakamata mnara wa Goma, na asubuhi anakuta salio lote limeliwa upande wa pili wa mpaka.

"Ilibidi kila chumba kiwe na kisanduku chake cha mtandao," Kaltumu anaeleza. "Na wenye nyumba hawataki kuona kisanduku. Wanataka mtandao utoke kwa ukuta kama maji kwa mwamba."

Hapo ndipo alipokutana na Védaste, mwashi wa Kanama, Mkatoliki asiyekosa misa, mwenye mkono mtulivu kuliko wote katika jiwe lile. Kaltumu alimpa kisanduku, Védaste akalala nacho nyumbani kwake siku mbili, akarudi na jiwe lililochongwa kwa umbo lake. Kiliingia kama jino kwenye ufizi. Watu walikuwa wakija na magari kutazama.

Gisenyi mwenye nyumba haulizi dukani, anauliza jirani. Chapa iliyowekwa katika nyumba ya kwanza ndiyo chapa ya mtaa mzima. Kwa hiyo neno la Kaltumu lilikuwa na uzito, na alilijua.

Hakuwa mtu wa kulitoa ovyo. Kila chapa mpya aliitundika chini ya upenu wa paa lake, ikiwa inawaka, akaiacha ipigwe na misimu miwili ya mvua. Radi za pale chini ya volkano hazina mchezo. Visanduku vilining'inia pale kama sambaza, dagaa wa Kivu, wa kukausha, na Verediane alikuwa akipita akiuliza kama redio zimeiva.

Nyingi ziliungua. Moja haikuungua. Ilikuwa ya kampuni ya mbali iitwayo Norvika, visanduku vyake vina umbo la yai, na seti ya nyumba moja ilikuwa na bei ya ng'ombe wawili wazuri wa Mudende.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Umurerwa. Alisitasita. Alimuuliza kama ana hakika, maana jiwe likishachongwa halirudi.

"Nikamwambia, wallahi, hii itazeeka pamoja na nyumba."



Baba yake aliuza vitenge maisha yake yote bila kuapa hata mara moja. Sifu rangi, alikuwa akimwambia, bisha bei, mpe mteja chai, lakini kitambaa usichokifuma usikiapie. Mungu mwache nje ya duka. Waislamu na Wakristo wa mji huu wanalielewa hilo sawasawa. Anayetaja Jina juu ya bidhaa amejifunga nalo, ikiharibika au isiharibike.

"Mimi niliapia plastiki," anasema. "Plastiki sikuitengeneza, sijui hata mutu aliyeitengeneza anaitwa nani."

Baada ya Umurerwa, mtaa wote ulitaka mayai. Kila mwenye nyumba aliuliza swali lilelile, na Kaltumu alijibu kwa kiapo kilekile. Védaste alichonga mchana kutwa, akaezeka nyumba yake kwa mabati mapya.

Mwaka jana Norvika iliuzwa. Wanunuzi wakatuma ujumbe kwenye simu za wateja, mistari michache ya Kiingereza cha adabu: visanduku vya zamani havitahudumiwa tena, tafadhali nunueni vipya. Vilivyokuwa vinafanya kazi viliendelea, lakini kila umeme ukikatika na kurudi, kisanduku kinauliza ruhusa kwa kampuni, na kampuni haijibu. Mjini Gisenyi umeme unakatika. Basi vinakufa kimoja kimoja, chumba baada ya chumba.

"Kingeharibika ningeelewa," Kaltumu anasema. "Radi haikukiua. Mvua haikukiua. Kimeuawa na mutu anakaa ofisini ng'ambo, hajui hata Gisenyi iko upande gani wa ziwa."

Visanduku vipya ni vya mraba. Chapa nyingine ni za duara, kubwa zaidi. Hakuna hata moja inayoingia kwenye tundu la yai. Baadhi ya wateja wamepiga misumari kwenye jiwe na kutundika walichopata, nyaya zikining'inia juu ya makochi ya ngozi. Mmoja ameziba matundu kwa saruji, ukuta wake sasa una makovu meupe.

Mwaka juzi Kaltumu alifanya nyumba tisa. Mwaka huu amefanya moja, nayo ilikuwa ya shemeji yake. Védaste amerudi kuchonga mawe ya makaburi, kazi isiyopatikana kila wiki.

Ndiyo maana mchana wa leo ni mkubwa kwao. Mzee Rutagengwa, mfanyabiashara aliyekulia Tanzania na kurudi akiwa kijana, anajenga nyumba ya mawe juu ya barabara iendayo Grande Barrière, kivuko kikuu cha mpaka. Kuta zimesimama, plasta inasubiri. Ndugu zake wawili wana viwanja hapo juu na watafuata atakachochagua yeye. Kaltumu ameazimia asiape tena. Pia hataki kumpoteza Védaste. Tangu asubuhi anahofia kwamba hawezi kupata yote mawili.

Rutagengwa anawapokea katika chumba kisicho na madirisha bado. Védaste anaketi juu ya mfuko wa saruji, begi lake la tindo miguuni.

"Nasikia nyumba zote hizi za ufukweni ni zako," Rutagengwa anasema.

"Zenye taa nyekundu, mzee. Ndiyo, ni zangu."

"Unajisema kabla hujasemwa. Haya, chapa gani?"

Kaltumu anatoa visanduku vitatu, anavipanga kwenye tundu la dirisha. Cha kwanza kinavumilia radi, lakini kikifa hakuna duka la karibu lenye kingine. Cha tatu ni kizuri kwa macho, kinachemka kama birika. Cha kati vipuri vyake vinapatikana Goma na Kigali.

"Leo ningeweka hii ya kati."

"Itadumu?"

"Leo iko muzuri."

"Sikuulizi leo, mama. Nachonga jiwe, sichongi boga."

"Donc usichonge. Tupitishe bomba pana ndani ya ukuta, kisanduku kikae nje, juu ya kibao. Hii ikikataa, unatoa, unaweka nyingine."

"Nijenge kwa jiwe la volkano, halafu nitundike visanduku kama mita za umeme?"

"Mita inabadilishwa, mzee. Ndiyo maana iko nje."

Rutagengwa anacheka, kwa sauti ya mtu ambaye hajabadili nia. Anasema vijana wa kampuni moja ya Kigali walikuja juzi na chapa yao, wakaapa kwa Yesu na kwa mama zao kwamba itadumu miaka kumi na tano.

"Basi viapo unavyo," Kaltumu anamwambia. "Cha kwangu cha nini?"

"Wale nikiwatafuta nitawapata wapi? Wewe nyumba yako naijua, na msikiti wako naujua. Ikizimika, nina mlango wa kugonga." Anainua simu yake iliyoanza kulia. "Chagua chapa uitakayo. Niapie tu kama ulivyomwapia Umurerwa, na nyumba hii ni yako, na zile mbili za juu."

Anatoka nje kwenye uwanja kuzungumza na simu.

 Védaste anakuna vumbi la saruji kwenye goti.

"Mama Nadra. Sema tu."

"Niseme nini?"

"Ile ya siku ile. Neno moja. Mungu anajua ni kazi."

"Ndiyo inanitisha, sha. Kwamba anajua."

"Leo ndiyo umekuwa mutakatifu? Uliapa nyumba ngapi, mi nikiwa nyuma yako na nyundo?"

"Zote."

"Bon. Kuapa uliapa peke yako. Njaa tunakula wawili."

 Kaltumu anavirudisha visanduku begini taratibu, anavifunga kimoja kimoja kwa kitambaa. Kisha anamweleza mpango wake, ambao hadi leo hakuwa amemwambia mtu.

Anataka kurudi katika kila nyumba aliyoiapia. Kila tundu la yai litatanuliwa liwe la mraba, pana kiasi cha kupokea chapa yoyote itakayokuja, na lifunikwe kwa kibao cha mbao kinachofunguka kwa mkono. Wenye nyumba hawatalipia kazi hiyo. Atauza ngazi na mashine ya kupimia ikibidi.

"Sitaki nife kuna yai langu kwa ukuta wa mutu," anasema. "Sitawarudishia kiapo, kile kimeshaenda. Nitawarudishia ukuta."

Kwa kazi hiyo anamhitaji Védaste. Jiwe lile likiguswa na mkono mwingine linapasuka hadi darini. Wawili hao wanalijua hilo.

"Jumatatu tuanzie kwa Umurerwa," Kaltumu anamwambia. "Utakachokula nitakutafutia. Nyumba moja moja, kaka, hata ikichukua mwaka."

Védaste anatazama kuta za chumba, ambazo bado ni nzima, jiwe juu ya jiwe. Ni mawe mazuri. Anapitisha kiganja juu ya moja, kama mtu anayemshika ng'ombe kabla ya kununua.

Kutoka uwanjani sauti ya Rutagengwa inaingia, simu ikiwa bado sikioni.

"Fundi wa mawe! Hawa wa Kigali wanauliza kama unaweza kuanza kesho."

 Kaltumu ameshika begi lake kwa mikono miwili.

"Jumatatu, Védaste," anasema.

Védaste anainama, anaokota begi la tindo, analitupa begani. Anasimama kidogo mbele ya Kaltumu, kana kwamba anatafuta mahali pa kuweka macho. Kisha anavuka kizingiti na kutoka, kuelekea uwanjani alipo Rutagengwa.