Koti la Masika

Nilitoka Goma kwa sababu ya koti. Binti yangu Masika alikuwa mtafiti Kigali. Alirudi kwetu, mtaa wa Mapendo, akiwa mgonjwa, koti lake jeupe la kazi likiwa ndani ya sanduku, na baada ya siku tisa akafariki. Miezi miwili ikapita, ndipo mwenzake wa kazi, Furaha, akanipigia simu.

"Papa, koti yake iko kwenu? Aliandika vipimo vya dawa kwenye mukono wa koti. Ndani ya daftari ameandika tu: tazama mukono."

Nilisema nitalileta. Sikusema kwamba siku ya kumaliza kilio tulifua nguo zake zote ziwani, kama desturi yetu, na koti hilo nililisugua mwenyewe.

Saa moja asubuhi dada yangu Kahindo alinisindikiza hadi mpakani. "Yaya," akaniambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "useme ilipotea. Kwenye kilio kulikuwa watu wengi."

"Na mimi nilikuwa mmoja wao," nikamjibu.

Basi lilipofika Musanze nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri. Kabla ya Kigali nikauacha.

Saa saba mchana Furaha, binti mrefu mzaliwa wa Bukavu, alinipokea kwenye maabara yao na kuniketisha mbele ya kompyuta. Niliona nyuzi nyingi zimepishana. Alisema hizo ndizo mifupa ya seli, na kuna protini inayozifunga pamoja. Bila hiyo, seli hukosa umbo. Mimi hujenga nyumba za mbao, kwa hiyo nilielewa upesi.

"Ni kazi ya msumari."

"Ndiyo, papa. Lakini huu musumari hakuna mutu anajua sura yake."

Ili kuijua sura hiyo, protini lazima igande iwe fuwele, chembe ndogo kama za chumvi, kisha ipigwe miale ya eksirei. Masika peke yake ndiye aliyefaulu kuigandisha. Wasipoweza kurudia alichofanya, kazi yake haitakubaliwa, na jina lake halitaandikwa popote.

Nikampa koti. Aligeuza mkono wa kulia, wa kushoto, akatazama na upande wa ndani.

"Nimelifua mimi," nikasema. "Kwa sabuni na brashi."

Aliketi. Kisha akacheka huku machozi yakimtoka. "Papa! Miaka mitatu tulimuomba afule hii koti!"

Alipojifuta uso, akasema, "Basi hakuna tena kitu cha kungojea. Tunaanza upya leo." Akaleta kisahani chenye vishimo vingi vidogo, kila kimoja cha kutiwa protini na chumvi ya kiasi tofauti ili igande. "Nyumbani, Masika alikuwa anatia chumvi namna gani?"

"Kidogo mno. Mama yake alimgombeza kila siku."

"Basi tuanze na kidogo."

Kesho yake jioni nilivuka mpaka. Kahindo alikuwa ananingoja. "Walikukasirikia?"

"Hapana. Wameanza upya."

Wiki ya sita Furaha alipiga simu. Fuwele zimeota, na jina la Masika litatangulia mengine yote. Lakini kwenye chumvi kidogo hakukuota kitu. Zimeota mwisho kabisa wa kisahani, kwenye chumvi kali. Nilidhani nilimjua binti yangu kikamilifu. Nilimjua wa jikoni tu, na huyu mwingine nimeanza kumjua sasa.