Gesi ya Kumlaza Mwalimu

Nilipokuwa Afrika Kusini kujifunza kazi ya kuwalaza usingizi wagonjwa wa upasuaji, niliona mtu akiwekewa ini jipya. Daktari wa usingizi alikuwa na gesi kadhaa mbele yake, akachagua ile isiyolisumbua ini. Kisha nikarudi mjini kwetu Kolwezi, kwenye mashine yetu ya halotani, gesi ya zamani ambayo inaweza kulimaliza ini bovu.

Mwalimu mmoja aliletwa asubuhi kutoka mtaa wa Kapata kwa taksi-moto, pikipiki ya abiria, dada yake mkubwa akimkumbatia kwa nyuma asianguke. Macho yalikuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, kitovu kimevimba na kuwa cheusi. Utumbo ulikuwa umenasa humo. Bila kupasuliwa angekufa. Akipasuliwa, huenda angekufa vilevile.

Dada alinishika mkono mlangoni.

"Tata docta, nasikia kule Inde, kwa Bahindi, banakataka kipande ya ini ya muntu muzima, banapatia mugonjwa. Mukate yangu. Leo."

"Mama, huku hatuwezi ile kazi."

"Sasa utamulalisha na nini?"

Hakuna ndugu wa mgonjwa aliyewahi kuniuliza hivyo. Kabatini tulikuwa na isofluran kidogo, gesi ambayo ini huivumilia, tuliyoitunza kwa wagonjwa wa moyo. Nikaitoa.

"Ikiisha kabla sijashona?" akauliza daktari mpasuaji.

"Nitamalizia kwa sindano."

Haikuisha. Alikata utumbo uliooza, akaunga, akafunga. Mwalimu aliamka, akaomba maji, akamtania dada yake kwamba amelia mbele za watu. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikadhani tumeshinda.

Lakini ini lilikuwa limekwisha. Siku zilizofuata alianza kuweweseka, akifundisha kitandani: "Batoto, andikeni tarehe," akaufokea ukuta uache kupiga kelele. Halafu akapoteza fahamu. Jumapili, wakati wa misa, akafa.

Dada aliniuliza bila hasira, "Ni ile gazi?"

"Hapana, mama. Ini yake ilichoka."

Nilisema kweli, ila sikuwa na kitu cha kumwonyesha ili aamini. Aliutazama ubavu wake mwenyewe wa kulia, akaupapasa juu ya kitambaa.

"Hapa iko muzima," akasema. "Iko bule tu."

Akavua kilemba, akamfunga nacho mdogo wake kidevu, akaniomba nishike miguu tumnyooshe.