Betri Kutoka kwa Mama Mkwe

Mara ya kwanza nilipompata rafiki yangu hewani, nilimpoteza kabla sijamaliza salamu. Ilikuwa Jumamosi alasiri, nyumbani kwetu Njombe, miaka michache baada ya vita. Nilikuwa nimekaa mezani, koti nimelifunga vifungo vyote kwa sababu ya baridi, visikizio masikioni na mkono juu ya kitufe cha kugongea. Nikasikia nukta na mistari yake ya Morse, milio mifupi na mirefu. Hata kabla hajajitaja nilimjua, maana kila mpiga simu ana mkono wake, kama kila mtu alivyo na mwendo wake. Yeye alikuwa akiuvuta mstari wa mwisho, kama mgeni anayesita kuondoka mlangoni.

Nikajibu, naye akanisikia. Akauliza, "Ni wewe kweli?"

Nikagonga, "Ni mimi," na nilipoanza neno la pili mtambo wangu ukalegea. Sauti yake ikashuka kama ya mtu anayesinzia, taa zake zikafifia. Betri ya gari niliyokuwa nikiitumia ilikuwa imekwisha. Redio ya kupokelea ilikuwa na betri zake ndogo za peke yake, kwa hiyo niliendelea kumsikia akiniita, akiniita tena, mpaka akanyamaza.

Mke wangu alikuwa anamenya viazi mlangoni, mtoto wetu mchanga mgongoni. Aliponiona nimevua visikizio akauliza, "Amekataa kuongea nawe?"

"Hapana. Yeye anaita. Mimi ndiye sina nguvu ya kumjibu."

Alijua maana yake kwangu. Vitani, kule Burma, mimi na rafiki yangu huyo tulikuwa wapiga simu wa jeshi, mimi Mbena wa Njombe na yeye mtu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Wakati wa mvua niliugua homa, tukiwa safarini kwenye matope yanayofika magotini. Alibeba mzigo wangu juu ya wake. Niliposhindwa kabisa kutembea, alitafuta mtu wa kumwachia mizigo yote miwili, akanibeba mimi. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitali, na kikosi kilikuwa kimeshaondoka naye. Sikumwona tena. Nilirudi nyumbani, nikapata kazi posta, nikaoa, nikajenga, na miaka yote hiyo nilikuwa nimebeba asante ambayo sikujua niipeleke wapi.

Kisha mambo mawili yakatokea karibu karibu. Mzungu mmoja wa mashamba ya miti ya miwati, aliyependa kuzungumza na dunia kwa redio, alikuwa anarudi kwao. Aliniachia mtambo wake, akanisaidia mpaka nikapata leseni ya kurusha kutoka nyumbani. Na mwalimu mmoja wa dini, aliyevuka ziwa na kupanda milima kupitia Ludewa, akaniletea habari kwamba rafiki yangu yu hai: anaendesha redio ya misheni moja upande ule. Nikampa mwalimu barua arudi nayo, na jibu likaja kwamba atanisikiliza kila Jumamosi alasiri. Nilikuwa na mtambo, nilikuwa na mtu wa kuongea naye. Kilichobaki ni umeme, na Njombe ya siku zile haikuwa na umeme wa kuchomeka ukutani.

Nilijaribu kwanza betri kavu, zile za kupanga. Zilifaa kusikilizia, lakini mtambo wa kurushia ulizimaliza kama ng'ombe anavyomaliza ndoo ya maji. Ndipo nikahamia betri ya gari. Ndani ya mtambo mlikuwa na dinamo ndogo ya kukuza nguvu ya betri, na kila nilipobonyeza kitufe ililia kama nyuki na kunyonya kwa pupa. Betri ikiisha, niliifunga kwenye baiskeli na kuisukuma mpaka gereji mjini. Gereji walikuwa watu wema, lakini malori yalikuwa mbele yangu siku zote, na mara nyingi nilirudishiwa betri iliyoonjeshwa tu. Asidi ilitoboa suruali yangu ya kazini, ikatoboa na kikapu cha mke wangu.

Nikaazima injini ndogo ya petroli. Niliiweka nyuma ya nyumba, nikavuta kamba, ikawaka, na betri ikaanza kujaa. Jirani akatoka kuuliza kama kuna kinu cha kusaga kimefunguliwa. Cheche zake ziliingia hata redioni, nisisikie kitu ila ta-ta-ta-ta. Lakini kilichoamua si hayo. Siku ile upepo uligeuka, moshi ukaingia ndani, mtoto akakohoa mpaka akatapika. Mke wangu hakugombana. Alimbeba mtoto, akaja akasimama karibu na injini, akaniangalia. Niliizima mwenyewe, na kesho yake nikairudisha.

Nikafikiria maji. Mito ya Njombe haikauki, na ukitega sikio mjini unasikia maporomoko. Lakini kijito kilichopita karibu na nyumba yetu kilikuwa kidogo mno, na maji ya chini yalikuwa ya watu wote, wenye bustani na wenye kunywesha mifugo. Sikuwa na moyo wa kuwaomba wayaelekeze kwangu.

Ni mke wangu aliyetoa jibu, akiwa anapepeta maharage uani. Pumzi ya upepo ilipita, akainua ungo, ikachukua maganda kidogo, ikafa. Akasema, "Huu nao ni upepo? Kwetu Makambako ungepeleka ungo wenyewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Hebu rudia."

"Nirudie nini?"

"Kuhusu Makambako."

Akaniangalia, kisha akaweka ungo chini. "Usiniambie unataka kwenda kwa mama."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Katika ukoo wa mke wangu, mkwe mwanamume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kutazamana mbali. Hatukuwa tumewahi kusemezana ana kwa ana. Akipita njia, mimi nilipisha. Sasa nilitaka kusimamisha kwenye kilima chake mlingoti wa dinamo inayozungushwa na upepo, ya kujazia betri.

Tulikwenda kwa lori, mtoto amefunikwa blanketi. Mama mkwe alikuwa mjane, akilima mwenyewe pamoja na wanawe, shemeji zangu. Alikaa ndani karibu na mlango, mimi nikakaa nje nimempa mgongo, na mke wangu akasimama kati yetu.

"Mama, mkweo anaomba asimamishe mlingoti kilimani, nyuma ya zizi."

"Mwulize wa nini."

Nilikuwa nimesikia kila neno, lakini nilisubiri mke wangu anigeukie aniulize. Kisha nikasema, "Mwambie mama ni wa simu ya upepo." Ndivyo sote tulivyoiita redio ya kupelekea habari siku zile.

Mama mkwe akasema kutoka ndani, "Kama ni simu ya upepo, basi amefika penyewe. Upepo wa hapa umeng'oa paa langu. Umelaza mahindi yangu. Siku tulipomzika baba yako ulizima mishumaa yote. Haujanifanyia kazi hata siku moja. Mwambie aufunge nira."

Mke wangu alinigeukia ili anieleze, akashindwa kwa kicheko.

Niliporudi Njombe, fundi wa gereji alinipa dinamo ya lori lililopinduka. Bruda mmoja wa misheni ya Wakatoliki, seremala, alinichongea pangaboi la mbao lenye mabawa mawili, akalipiga msasa mpaka likateleza kama kijiko. Nilimweleza kwamba mimi ni Mlutheri. Akasema, "Upepo haujaniuliza dini yangu," akaendelea kupiga msasa. Hakutaka malipo ila nimweleze siku litakapozunguka.

Siku ya kusimamisha mlingoti, shemeji zangu walishika kamba upande mmoja, mimi na jirani mmoja wa mama mkwe upande mwingine. Ulikuwa umefika nusu upepo ulipotupiga. Pangaboi likashtuka, mlingoti ukayumba, kamba ya jirani ikamponyoka. Mama mkwe alikuwa anatazama kutoka jikoni. Sikumwona akija. Nilisikia tu sauti nyuma yangu: "We baba! Kaza kushoto! Kushoto, utaua watu!" Nilipogeuka, ameishika ile kamba iliyoponyoka, amekita visigino ardhini, kitambaa cha kichwa kimekwenda na upepo.

Nikakaza kushoto. Mlingoti ukasimama. Tulifunga kamba kwenye vigingi, na kelele zilipoisha kila mtu akakumbuka kilichotokea. Mama mkwe alinisemesha, tena kwa ukali, tena uso kwa uso. Aliinamisha kichwa akaondoka haraka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mjomba wa mke wangu ndiye aliyetuokoa. "Mwiko umeshavunjika," alisema, "sasa utengenezwe." Nilitoa jembe jipya na kuku, mama mkwe akanitumia kibuyu cha togwa, tukala pamoja, na mambo yakawa sawa. Tangu siku hiyo alizungumza nami, ingawa aliendelea kutazama pembeni, na mimi pia. Sijawahi kutoa kuku kwa moyo mweupe namna ile.

Hivyo ndivyo nilivyopata umeme wangu. Nilikuwa na betri mbili. Moja ilikaa Makambako chini ya mlingoti ikijazwa, nyingine Njombe mezani kwangu, na lori la abiria na mizigo lilizibadilisha kila wiki. Watu wengine walitumiwa viazi na njegere kutoka kwa wakwe zao; mimi nilitumiwa betri, imesimamishwa wima ndani ya sanduku la mbao lenye nyasi. Nilikuwa nimemwonyesha mama mkwe jinsi ya kulifunga pangaboi kwa kamba upepo ukizidi, na jinsi ya kutazama mapovu kwenye maji ya betri. Yeye aliizungumzia kama mnyama wa zizini. Dereva alishuka akaniambia, "Mama mkweo anasema huyu ameshiba." Wiki yenye utulivu alisema, "Huyu ana njaa bado, usimkimbize." Wakati wote huo sikumwona akikosea.

Jumamosi ya kwanza ya betri iliyoshiba nilikaa mezani mapema. Mke wangu alivuta kigoda akakaa karibu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nikaita. Rafiki yangu akajibu mara moja, na mstari wake wa mwisho ukavutwa vilevile.

Alinieleza habari za mke wake na watoto wake. Nikamweleza za kwangu. Nilisikiliza kila mara kama mtambo utalegea, lakini sauti ilibaki imenyooka. Ndipo nikagonga yale niliyoyatunza. Nilimwambia kwamba siku ile ya matope sikuwa na fahamu ya kumshukuru, na kwamba mke wangu na mtoto wangu wapo kwa sababu yeye hakuniacha njiani.

Akagonga, "Ulikuwa mwepesi. Homa ilikuwa imekula nusu yako."

Nilitafsiri kwa mke wangu, machozi yakiwa yananitoka, naye akacheka na kulia kwa pamoja.

Kisha rafiki yangu akauliza, "Nguvu hii umeipata wapi? Unasikika kama uko nyumba ya pili."

"Kwa mama mkwe."

"Sikusikia vizuri. Rudia."

"Kwa mama mkwe."

Ikabidi nimweleze habari yote, kuanzia ungo wa maharage mpaka kuku. Alipoelewa aligonga, "Msalimu sana. Mwambie ng'ambo ya ziwa tunamshukuru." Salamu hiyo niliituma kwa dereva wa lori, na dereva alirudi na debe la mahindi mabichi ambayo sikuyaomba.

Tuliongea karibu kila Jumamosi kwa miaka. Pangaboi lilipasuka mara moja katika upepo wa Agosti, na Bruda akachonga jingine zito zaidi. Mama mkwe aliniomba kitu kimoja tu, taa ndogo ya lori, nikamfungia jikoni kwa waya kutoka kwenye betri. Wanawake wa jirani walianza kuja jioni kupukuchua mahindi kwake.

Wiki moja lori lilifika bila betri. Dereva alikuwa na ujumbe mfupi: mke wa shemeji yangu ameshikwa na uchungu, na mama mkwe ameiweka betri kwa ajili ya taa. Kesho yake tukasikia kwamba amejifungua salama mtoto wa kike, nasi tukapanda lori kwenda kumwona. Upepo ulikuwa mkali, pangaboi linavuma kilimani. Mkunga wa pale kijijini, mwanamke mzee aliyezoea kufanya kazi kwa mwanga wa moto na kibatari, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Alisema kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni, na kwamba alikiona upesi kwa sababu ya ile taa.

Nilimshukuru yeye, nikamgeukia mama mkwe aliyekuwa anatazama pembeni, nikamshukuru na yeye. Akasema, "Chakula kinapoa," tukaingia ndani.