Watu wa Chombo Walipofika Kilema

Mama yangu alipotolewa mtoto wa jicho, mwaka juzi, daktari alimpa masharti manne. Asiiname. Asibebe kitu kizito. Asiingie jikoni kwenye moshi. Asikanyage shambani mpaka mwezi upite. Mama aliyasikiliza yote kwa adabu, akashukuru, na tulipotoka nje akaniuliza, "Sasa huyu anataka nife kwa kukaa?"

Nilichukua likizo ya wiki tatu kwenye maabara ninakofanya kazi, nikafunga nyumba yangu ya mjini, mtaa wa Soweto, nikapanda naye Kilema, kijijini kwetu mlimani. Wifi yangu, anayeishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, alishika ng'ombe na jiko. Mimi nilibaki na dawa ya matone mara nne kwa siku, na kazi ngumu zaidi ya kumzuia Mama asitoroke kwenda kwenye migomba.

Kwenye begi nilikuwa na kitabu kimoja. Hapa lazima nieleze, maana nyumbani hakuna aliyejua. Mjini tuko watu sita tunaopenda vitabu vya mambo yasiyokuwepo: nchi za uchawi, sayari za mbali, miji iliyo chini ya maji. Tuna grupu kwenye simu, na kila mwanzo wa mwezi mmoja wetu huuliza wenzake wanasoma nini. Mwezi ule mfamasia mmoja alikuwa kwenye juzuu ya sita ya hadithi ndefu ya majoka na wala hakuona dalili ya kumaliza. Dada mmoja wa duka la vitambaa alikuwa na riwaya ya mwandishi wa Afrika Magharibi ambamo mizimu inaishi ndani ya kompyuta. Mwalimu wa fizikia, ambaye hakubali kitabu kama hesabu zake hazitoki, alikuwa anagombana na mwandishi aliyefanya majua mawili yachomoze mahali pamoja. Mwongoza wageni wetu, anayepandisha watalii mlimani, alikuwa anasoma kwenye simu, kambini, habari za nchi ambako kila mtu akiroga anazeeka mwaka mmoja.

Huyo mwongoza wageni ndiye aliyenipa kitabu nilichopanda nacho. Alikikuta kwenye hema la mgeni aliyerudishwa njiani kwa kuumwa kichwa. Kilikuwa kimelowa na kukauka, kurasa zimevimba kama mkate, na jalada la mbele halipo. Kilihusu watu waliozaliwa ndani ya chombo kikubwa kinachosafiri kwenda sayari nyingine. Safari ni ndefu kiasi kwamba walioondoka wanajua hawatafika, wala watoto wao, wala wajukuu.

Siku ya tatu Mama alinikuta nimeinamia kitabu hicho barazani.

"Hicho kinahusu nini?"

"Mambo ya kubuni tu, Mama."

"Yapi?"

Nilimweleza kwa sentensi mbili, kwa haraka, kama mtu anayekiri kosa. Nina miaka arobaini na mitatu. Nilitegemea aseme kwamba mtu mzima hasomi vitu hivyo. Mama alivuta kiti, akageuza uso ili jicho lenye plasta lisipigwe na mwanga, akasema, "Soma."

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Nikawa nasoma sentensi kimoyomoyo, kisha naisema kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipokuwa kigumu kwa Mama naingia kwenye Kichagga. Chombo nilikiita nyumba inayotembea. Injini nilishindwa, nikaiacha injini. Baada ya kurasa kama tano Mama aliinua mkono.

"Wana ng'ombe?"

"Hawana. Wana bustani tu, inayomulikwa na taa."

"Basi mbolea wanatoa wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia ni hadithi, si lazima kila kitu kielezwe. Tukaendelea, na kurasa mbili mbele mwandishi akaanza kueleza, kwa kirefu, jinsi watu wa chombo walivyokusanya kila ganda, kila jani, na hata uchafu wao wenyewe, wakaurudisha udongoni. Niliacha kwanza kusoma. Mimi nilikuwa nimevipitia vitabu vya namna hii kwa miaka kumi na tano na sijawahi kuuliza swali hilo. Yeye aliliuliza kabla mwandishi hajalifikia.

Ikawa hivyo kila siku. Aliuliza nani anaamka kwanza, nani anaoa kwa nani, na wagomvi wanapelekwa wapi wakati hakuna pa kuhamia. Tulipofika mahali ambapo familia mbili zinagombania zamu ya maji, Mama aliniambia nisiendelee kwanza. Alitaka kukisia. Alisema mmoja atakuwa ameyafungua maji usiku wakati si zamu yake, na kwamba mwenye kosa atakuwa yule anayepiga kelele zaidi. Ndivyo ilivyokuwa.

"Hawa ni watu wa mfongo," alisema. Mfongo ni ule mtaro unaoteremsha maji ya mlimani hadi mashambani kwetu, na baba yake alikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Aliniambia jinsi babu alivyokuwa akitembea kandokando yake alfajiri na jembe begani, akisikiliza. Maji yakipungua alijua kwa sauti. Nilikuwa sijawahi kulisikia hilo.

Alhamisi jumuiya ya kanisa ilikuja kusali nyumbani kwetu, wanawake tisa wa jirani. Baada ya sala niliingia jikoni kumsaidia wifi kumenya ndizi za mtori. Tukasikia kimya barazani. Wanawake wa jumuiya yetu hawakai kimya sala ikishakwisha, kwa hiyo nilitoka nikidhani Mama amezidiwa.

Mama alikuwa anahadithia. Alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, anawaeleza kwa Kichagga habari za nyumba inayotembea gizani, bustani yake, na maji yanayozunguka bila kupotea tone. Hakukosea kitu. Alikuwa ameongeza viwili vitatu: mkuu wa chombo alikuwa amepata mguu mbovu, na bustani ilikuwa na migomba. Nilisimama mlangoni na kisu mkononi. Wanawake ambao nimewajua tangu utotoni, niliowaona wakibeba majani na kuzika waume zao, walikuwa wanatazama mdomo wa mama yangu na wako mbali kabisa, huko kati ya nyota.

Mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyeuliza, "Na hao, wana kanisa?"

"Mwandishi hajasema bado," Mama alijibu. "Ila wanazaliwa na wanakufa. Lazima pana mahali wanapiga magoti."

Kesho yake wanne walirudi na chupa ya maziwa, eti wamekuja kumwona mgonjwa. Jumapili baada ya misa walikuwa kumi na mbili, na viti tukaazima kwa jirani. Mama hakutaka tena kuhadithia yeye. Aliniamuru nisome mwenyewe, polepole, na nisiruke kitu.

Niliandika habari hizi kwenye grupu. Mwalimu akajibu kwa maneno mawili: "Ninakuja Jumamosi." Alikuja na mwongoza wageni, wamebeba sukari na sabuni kama watu wanaokwenda kuhani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Nani kati yenu ni mwalimu?"

Hata chai haijamiminwa, akamuuliza kwa nini chombo kichukue miaka mingi hivyo wakati nyota zinaonekana hapo juu tu. Mwalimu alikaa mbele ya kiti, akamweleza kuhusu mwanga, kwamba nao unasafiri, na kwamba kuna nyota ambazo mwanga wake tunaouona leo uliondoka huko kabla Mama hajazaliwa, na nyingine kabla bibi yake hajazaliwa.

Mama alifikiri. "Kwa hiyo mimi nikiangalia nyota, ninaangalia zamani."

"Ndiyo, Mama."

Aligusa plasta ya jicho lake kwa kidole. "Daktari hakuniambia kwamba hili pia litaonekana."

Mwalimu aliniambia wakati namsindikiza barabarani kwamba amefundisha somo hilo miaka kumi na minane, na hajawahi kulisikia likisemwa kwa ufupi namna ile.

Sura ambayo sikuwa tayari nayo ilikuja wiki ya mwisho. Siku hiyo walikuwapo wanawake saba. Mmoja wao ni jirani yetu wa upande wa juu, mjane, ambaye mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi nchi za mbali na akafia huko. Alizikwa hukohuko. Ndugu walijaribu kuurudisha mwili, ikashindikana. Kwetu mtu huzikwa kihambani, kati ya migomba, pamoja na waliomtangulia, na nyumba ya mama huyu ilikuwa na kaburi la mume na mahali patupu pembeni yake. Hakuna aliyekuwa akilitaja jambo hilo mbele yake.

Katika sura ile kijana mmoja anatoka nje ya chombo kutengeneza kitu kilichovunjika, kamba inakatika, naye anaelea kwenda zake. Wanamwona kupitia dirisha. Hawawezi kumfuata. Nilianza kutafsiri kabla sijaona ninakokwenda, na nilipoona nilinyanyua macho kumtazama Mama. Mama alikuwa amekwisha kuelewa. Nilifikiri kuruka. Lakini niliagizwa nisiruke, na mjane mwenyewe alikuwa amesogeza kiti mbele.

Nikasoma. Watu wa chombo huwalaza wafu wao kwenye udongo wa bustani, na mama wa kijana yule hana wa kumlaza. Anakaa siku nyingi bila kusema. Halafu anaomba apewe sehemu ambayo ingekuwa ya mwanawe, na badala ya mwili anapanda mche.

Kuku walikuwa wanaparua chini ya mibuni na hakuna aliyewafukuza.

"Alipanda nini?" mjane aliuliza.

Nikatafuta kwenye ukurasa. "Kimeandikwa mche tu. Hakikutaja wa nini."

"Angetaja," alisema. Alikunja kanga yake, akaaga kila mtu kwa mkono, akaenda zake. Wengine nao wakaondoka, mmoja mmoja. Niliogopa kwamba nimemuumiza, nikamwambia Mama hivyo. Mama alisema tu kwamba tangu mwanawe afe, miaka mitatu, wote tumekuwa tunazungumza naye habari za mvua tu.

Kitabu tulikimaliza siku mbili kabla sijarudi kazini. Chombo kinafika. Mlango unafunguliwa, na watu ambao hawajawahi kuhisi upepo wanasimama pale kizingitini wakiogopa kushuka. Kinaishia hapo. Mwenyekiti wa jumuiya akasema wangempeleka kwanza bibi mzee, maana mzee haogopi, na wakaanza kubishana juu ya nani angeshuka na nani angefunga mlango. Walibishana mpaka wakati wa kukamua. Mimi niliweka kitabu kile kilichovimba mapajani, nikakipapasa. Mtu mmoja, sijui wapi, alikaa chumbani kwake akawaza nyumba inayotembea gizani, na leo Kilema watu wanagombania mlango wake.

Asubuhi ya kuondoka nilipita kwa mjane kuaga. Nilimkuta nyuma ya nyumba, pembeni ya kaburi la mumewe, na debe la maji. Pale mahali patupu palikuwa pamepaliliwa na kuwekewa mawe kuzunguka. Katikati palisimama sale changa, ule mmea wa majani marefu ambao kwetu huonyesha mipaka, husimama makaburini, na mtu akiubeba kwenda kwa mwenzake anakwenda kuomba msamaha. Udongo wake ulikuwa bado mbichi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Unashuka leo?"

"Ninashuka."

Alimimina maji yaliyobaki, akageuza debe chini. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza bei ya mahindi kwenye soko la Kwa Sadala:

"Yule mama wa kwenye kitabu. Baadaye alianza kupata usingizi?"

"Kitabu hakisemi, Mama."

"Aliyekiandika yuko hai?"

"Nadhani yuko hai."

"Basi muulize."

Alinipa mkungu wa ndizi nishuke nao, mzito kiasi kwamba wifi alilazimika kunisaidia kuufikisha barabarani. Wiki ileile niliitafuta anwani ya mwandishi mtandaoni, nikamwandikia kwa Kiingereza changu cha maabara. Nilimweleza kuhusu baraza, wanawake saba, na sale. Nikamwekea swali kama lilivyoulizwa. Jibu halijaja. Kila nikipanda Kilema mjane hutuma mtu kuniita, ananipa maziwa, na kabla sijayamaliza anauliza kama yule mtu ameandika.