Bingwa wa Dirisha Namba Mbili

Karani wa dirisha namba mbili, katika ofisi moja hapa Bukoba, hucheza sataranji kwenye simu na mtu wa nchi ya mbali ambaye hajawahi kumwona. Kila mmoja ana siku tatu za kufikiri kabla ya kusogeza kete. Juzi nikiwa kwenye foleni, nilimsikia akijisifu kwa mwenzake: "Mchezo wa polepole umeninoa. Siku hizi najua mtu atajibu nini, hata hatua tano mbele."

Mbele yangu alikuwa mama mmoja kutoka Kishanda, aliyefuata hati ya shamba lake. Karani akafungua mdomo. Mama akainua kiganja.

"Ngoja, mwanangu. Utasema faili halionekani. Nitasema liko kwenye kabati lile, chini ya birika. Utasema mkubwa hayupo. Nitasema nimempita kwenye ngazi, ameshika chapati. Utasema muhuri umefungiwa. Nitakuonyesha ufunguo, huo unaoning'inia shingoni mwako."

Karani akajigusa shingo. Akalitazama birika. Kisha akainuka, akalisogeza, akatoa faili, akagonga muhuri.

"Waitu mama," akauliza kwa heshima, "mchezo huu umejifunzia wapi?"

Mama akaikunja hati yake, akaifutika kwenye kitenge.

"Hapa hapa dirishani kwako. Huu mwaka wa pili."

Ikafika zamu yangu. Karani akafuta jasho, akaniambia nirudi Jumatatu. Nami, bila kufikiri hata kidogo, nikamjibu: "Asante sana."