Ulimi wa Baba Barafu

Duka halijafunguliwa bado. Nyuma ya dirisha la kuuzia, mwanamume mwenye shavu lililovimba anachovya kijiko cha chai kwenye ndoo ya rojo la embe, anakipeleka mdomoni upande wa kulia, polepole, kisha anafumba macho. Binti yake amesimama mbele yake na mwiko mkononi, anasubiri kama anayesubiri majibu ya mtihani.

"Ndimu," anasema hatimaye. Neno linatoka zito. "Kidogo tu. Usimwage kama unaosha samaki."

Binti anakamua. Baba anaonja tena, anakunja uso kwa maumivu, na kuitikia kwa kichwa.

Wateja wanamwita Baba Barafu. Kwa miaka kumi na tisa yeye na mkewe wameuza barafu za matunda katika chumba hiki chenye upana wa kitanda na nusu: embe, nanasi, pesheni, papai, zote kwenye vikombe vidogo vya plastiki. Mke anamenya, anasaga na kuchuja. Mume anaonja. Waligawana kazi hivyo tangu mke alipogundulika ana kisukari na daktari kumpiga marufuku kulamba anachokitengeneza.

"Mikono yangu, ulimi wake," anasema mkewe, akimenya embe bila kulitazama. "Bila yeye mimi ni kipofu anayepaka ukuta rangi. Rangi itakaa, lakini sijui ni rangi gani."

Jumatatu ijayo ulimi huo utakatwa. Ni saratani. Daktari amesema zaidi ya nusu itaondoka, na baada ya hapo mgonjwa asitegemee kutambua ladha wala kuongea kama zamani.

"Huyu mama ameniomba ninyamaze miaka yote," anasema Baba Barafu. "Sasa maombi yamejibiwa."

Mkewe hacheki. Binti anacheka kidogo, kisha anageukia ukuta.

Kidonda kilianza mwaka juzi kama kipele pembeni mwa ulimi. Kilimsumbua asubuhi, kabla ya kazi. Akishaanza kuonja, kinatulia. Jioni kikiamka tena, mkewe alikuwa akimchotea kikombe cha barafu ya stafeli, akakilamba taratibu, akalala. Barafu inatia ganzi, na mtu anayeshinda nayo mdomoni hawezi kujua anaumwa kiasi gani. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini huyu hakuficha kitu. Alifichwa, tena na kazi yake mwenyewe.

Alikwenda hospitali wiki ambayo umeme ulikatika mfululizo, barafu zikayeyuka, pakawa hakuna cha kulamba.

"Usiku wa pili nilitaka kupasua ukuta kwa kichwa," anasimulia. "Nikajiuliza, maumivu haya yametoka wapi leo? Kumbe yalikuwepo siku zote."

Daktari alipomwangalia mdomoni alimuuliza swali moja tu: ulikuwa wapi?

Mkewe anaweka kisu chini. "Mimi ndiye niliyekuwa nampa kile kikombe. Kila jioni. Nilidhani nampoza mume wangu." Anajifuta mikono kwenye aproni, muda mrefu kuliko inavyohitajika. "Watu wananiambia, mama usijilaumu, hukujua. Najua sikujua. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Stafeli halimo tena kwenye ubao wa bei. Sokoni yamejaa; ni mama asiyetaka kuyaona. Friza kubwa nayo imeondoka, imeuzwa kulipia vipimo, na iliyobaki haichukui hata nusu ya vikombe walivyokuwa wakiuza zamani.

Kwa hiyo duka limegeuka darasa. Binti, ambaye ameacha kazi yake ya ususi kuja kusaidia, ana siku chache za kujifunza kitu kisichopimika kwa kikombe, maana embe la wiki hii si la wiki iliyopita. Somo la kwanza lilikuwa hili: rojo kabla ya kuganda liwe tamu kupita kiasi, kwa sababu baridi hula utamu. Tatizo ni kwamba binti anapenda sukari.

"Ukimwachia huyu, tutakuwa tunauza pipi," baba yake anasema.

"Na tukikuachia wewe, watu watakufa ganzi ya meno kwa ndimu zako," binti anajibu.

Wanabishana hivyo kutwa. Nani yuko sahihi si rahisi kujua, maana wateja wenyewe hawasemi. Fundi viatu wa kibaraza cha jirani amekula barafu hapa tangu duka lifunguliwe. "Juzi ya nanasi ilikuwa kali, imenikata hadi masikio," ananong'ona. "Nikajikaza, nikamaliza, nikamsifu. Utamwambiaje mtu mwenye hali ile?"

Baba Barafu alimwona.

"Alikunja pua kwanza, ndipo akanisifu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii macho yake yanachangamka. Hapo ndipo alipopata mpango wake. Anaonyesha kiti cha plastiki kando ya dirisha. "Nikitoka hospitali nitakaa pale. Mtu anaweza kukudanganya kwa mdomo kwa sababu anakuhurumia. Lakini kile kijiko cha kwanza, uso unakuwa haujajipanga. Nitatazama nyuso za watu, nimwonyeshe huyu kwa kidole: ongeza ndimu, punguza sukari. Sihitaji ulimi kwa hilo."

Na asipotoka?

Anaangalia mikono yake. "Basi huyu atatazama mwenyewe."

Ndoo ya mwisho leo ni ya papai, tunda ambalo bila ndimu linapooza kabisa mdomoni. Baba Barafu anachovya kijiko, anafumba macho, anakaa nalo mdomoni muda mrefu kuliko alivyokaa na embe.

"Imekaa sawa," anasema. "Mimina kwenye vikombe."

Binti hamimini. Ndimu za papai bado ziko kwenye bakuli mezani, hazijakatwa hata moja. Anamtazama mama yake, na mama anainamia maganda. Kisha anachukua kijiko, anaonja mbele ya baba yake, na kumeza.

"Sawa, baba," anasema.

Baba Barafu alikuwa anautazama uso wa binti. Anavuta bakuli la ndimu na kulisogeza taratibu upande wa binti yake, pamoja na kisu.