Betri za Kuanika Juani

Baba yangu aliwahi kuwa kijana wa roki. Cheka tu, hata mimi nisingeamini. Ukimwona leo hapa Buhinyuza, mzee Kasiano, koti moja masika na kiangazi, jembe begani, unampa salamu anaitikia ukiwa umeshampita, utasema huyu alizaliwa mzee. Lakini ipo picha. Imepigwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi kule Tanzania, katikati ya miaka ya sabini. Amevaa bugaluu pana kuliko sketi yangu, na raizoni za kisigino kirefu, na nywele, jamani, nywele zile zingetosha watu watatu. Pembeni yake amesimama msichana mwembamba, ameshika maikrofoni kwa mikono miwili utadhani wanataka kumnyang'anya. Huyo ni Kasilda, mama yangu. Simjui. Alifariki siku aliyonizaa.

Bendi yao iliitwa Volti. Walikuwa na magitaa ya umeme mahali ambapo umeme hakuna, wakawa wanaazima betri ya trekta. Nyimbo zilizovuma za wazungu walizifuata redioni, wakazishika kwa masikio tu, Kiingereza hakuna aliyekijua hata kidogo, na watu walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye chakula. Haya yote nimesimuliwa na shangazi yangu Emiliana. Baba mwenyewe hasemi. Yeye alitoka Itaba akikimbia vita ya sabini na mbili, akiwa kijana, akaoa kambini, akafiwa kambini, akalima kambini, tukarudi Burundi akaendelea kulima. Ukimwuliza habari ya muziki anakwambia, "Hayo yalipita." Basi. Gitaa aliliacha siku aliyomzika mke wake na hajaligusa tena.

Sasa sikiliza habari ya santuri, maana kila kitu kimetoka humo.

Mfanyabiashara mmoja wa Tabora aliwapenda, akawapakia kwenye lori lake mpaka Nairobi warekodi wimbo mmoja. Wimbo wenyewe waliutunga njiani, juu ya magunia, kwa hiyo Katumba hakuna aliyekuwa ameusikia. Mama alikuwa na mimba yangu, tumbo limeshaonekana. Walirekodi, wenzao wa bendi wakabaki Nairobi kutafuta kazi, wao wawili wakarudi, wakasubiri santuri ziletwe. Santuri zikaja mama ameshazikwa, hata matanga hayajaanuliwa.

Watu wakasema tumsikilize. Pleya ya betri ikaletwa pale msibani. Betri zilikuwa zimechoka, na kwetu betri ikichoka haitupwi: unaianika juani juu ya bati, unaibonyezabonyeza, ikishindwa unaing'ata kwa meno, inajikongoja tena siku mbili tatu. Ndizo zilizowekwa. Wimbo ukatoka polepole, mzito, sauti ya mwanamke aliyechoka na dunia: "Nifungulie mlango, nimefika." Mwishoni kabisa, magitaa yakiwa yamenyamaza, ikasikika kwikwi moja ndefu, ya mtu anayelia kwa ndani. Wanawake wote waliangua kilio.

Tangu siku ile ukawa wimbo wa msiba. Mtu mmoja wa kwaya aliunasa kwenye kaseti kutoka kwenye pleya ileile, kaseti ikazaa kaseti, na tuliporudi Burundi wimbo ulirudi nasi ndani ya mabegi. Hapa Buhinyuza hatuziki mtu bila huo.

Na hadithi nayo ikaota. Eti Kasilda alijua atakufa. Eti ile kwikwi alikuwa ananililia mimi. "Alikulilia wewe, mwanangu," shangazi Emiliana aliniambia nikiwa mdogo sana, tena kwa upendo, huku ananimenyea kiazi. Aliona ni zawadi. Kwa hiyo kila msiba, ikifika kwikwi, watu wote wanageuka kunitazama. Jeska ndiye huyo. Huyo ndiye aliyemgharimu mama yake maisha. Hakuna aliyetamka hivyo, lakini mimi si mjinga.

Na mimi? Nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu. Sikulia hata mara moja. Sikuwa na uchungu, sikuwa na hasira, nilikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Shangazi Emiliana alipofariki mwaka jana, yeye aliyenilea, wimbo ukapigwa, kwikwi ikaja, wakageuka. Hakuna kitu. Nilirudi jikoni kuosha masufuria.

Mwaka ukatimia, ikawa lazima tuganduke. Hiyo kwetu ndiyo siku ya kuuondoa msiba: watu wanakula, wanakunywa, wakubwa wanasema maneno yao, na baada ya hapo marehemu anatajwa bila machozi. Machozi ya mwisho yanamwagwa siku hiyo. Sasa wiki mbili kabla, redio ikaitafuna kaseti, utepe ukatoka nje kama matumbo ya kuku. Godfrey, mtoto wa shangazi, akanijia mbio.

"Dada Jeska, tutagandukaje bila wimbo wa Kasilda? Watu watasema nini?"

"Waseme wanachotaka. Wana midomo."

"Mama aliuomba mwenyewe, dada. Kabla hajafa."

Basi. Nilikwenda kwa Baba nikamwomba santuri. Ilikuwa chini ya godoro, imefungwa kwenye kitenge. Alinipa, akachukua jembe lake akaondoka.

Nikapanda gari mpaka Gitega, mtaa wa Nyamugari, kwa Kabir. Duka lake ni la vitambaa, lakini baba yake aliuza santuri zamani, na mashine ya umeme ya kupigia bado anayo nyuma ya mabunda ya vitenge. Aliipokea santuri yangu kwa ncha za vidole, akaifuta, akaipuliza.

"Iyi iko ya zamani kabisa, Mama. Keti."

Akaiweka. Loh! Likatoka gitaa linakimbia, ngoma zinakimbizana nalo, na juu yake kasauti kembamba, kachangamfu, kanaimba haraka kama mtoto aliyetumwa dukani akaahidiwa peremende. "Nifungulie mlango, nimefika!" Niliruka kwenye kiti.

"Zima! Umeiharibu!"

"Mi sikuharibu kitu, Mama."

"Mashine yako ni mbovu. Huu ni wimbo wa msiba, unakwenda polepole. Unataka kunifundisha wimbo wa mama yangu?"

"Machine iko bon," alisema, wala hakukasirika. "Angalia hapa kwa karatasi yake. Quarante-cinq, mizunguko arobaini na tano kwa dakika. Na mi nimeweka quarante-cinq. We ulikuwa unasikia na nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu vibaya, nikaona bati la nyumba yetu ya Katumba, na betri zimepangwa juu yake kama dagaa. Ndizo zilizouchelewesha wimbo.

Kabir akasogeza kidude cha mwendo, akairudisha sindano mwanzo. Polepole. Ikatoka sauti yetu, ile nzito, ya wafu wetu wote. Akasogeza tena. Mbio. Akanitazama. Mama yake, bibi Afshan, alitoa kichwa kwenye pazia la nyuma, bega linamcheza.

"Ni nani huyu musichana anaimba?"

Msichana. Nina binti ameshaolewa, na sauti ile ilikuwa changa kuliko ya binti yangu. Nikamwambia Kabir aache iende mpaka mwisho.

Magitaa yakanyamaza. Ikaja ile kwikwi. Haikuwa kwikwi. Ilikuwa kicheko. Kifupi, cha ghafla, cha mtu aliyejaribu kukibana kikamtoka.

Bibi Afshan naye akacheka, akarudi ndani. Mimi nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki. Nilitaka kuhisi kitu, kweli nilitaka, lakini ganzi ilikuwa palepale. Kabir akauliza aniwekee ipi kwenye simu.

"Zote mbili," nikasema.

Njia nzima ya kurudi mpaka Muyinga, mkoani kwetu, niliwaza jambo moja. Alikuwa anacheka nini? Maana kama hakuwa ananililia, hiyo si kusema alinipenda. Huenda hata hakunikumbuka siku ile. Huenda alimcheka mpiga ngoma. Afadhali basi kile kilio, kilikuwa changu.

Siku ya kuganduka uwanja ulijaa. Baba alikaa mbele, na koti lake. Godfrey alimaliza maneno yake, akasema, "Sasa tumsikilize Kasilda, tulie kwa mara ya mwisho," akaniashiria. Wanawake walishatoa vitambaa. Na shingo, jamani, shingo zilishaanza kugeuka upande wangu kabla wimbo haujaanza. Hapo ndipo hasira ilinipanda. Kidole changu kilikuwa juu ya ule wa polepole. Nikakihamisha.

Gitaa likatoka mbio kwenye spika. Vitambaa vikabaki hewani. Mtu akasema "Ebo!" Godfrey akanijia anapunga mikono.

"Dada, umekosea! Zima!"

"Sizimi."

"Unamfanyia Mama mzaha?"

"Mwache," Baba akasema.

Hakupaza sauti, lakini Baba si mtu wa kusema mbele za watu, kwa hiyo Godfrey akashusha mikono. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa spika. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vinabonya kitu hewani, juu ya goti, kimoja kimoja, kwa zamu yake. Wimbo ukafika mwisho. Kicheko kikatoka, kwenye uwanja wa msiba, watu wote wakakisikia.

Baba akafuta uso kwa kiganja.

"Ndivyo alivyokuwa," akasema. "Alikuwa na haraka huyu. Kupika haraka, kutembea haraka."

Nikamwuliza palepale, mbele ya watu, maana ningesubiri nisingeuliza tena. "Baba, ulijua? Miaka yote hii ulijua kwamba tunaupiga vibaya?"

Akageuza kichwa kutoka kwenye spika.

"Sikujua. Siku ile ya matanga nilisikia uko polepole. Lakini siku ile kila kitu kilikuwa polepole, mwanangu. Watu walitembea polepole. Nikadhani ni mimi." Akaitazama simu yangu. "Halafu nikauzoea. Nikamsahau mwenyewe, nikawa nakumbuka yule wa betri."

"Na pale mwishoni? Alikuwa anacheka nini?"

"Ni wewe," akasema, kana kwamba kila mtu anajua. "Ulimpiga teke. Ngoma zilipopiga ile ya mwisho ukampiga teke, akashtuka, akacheka. Mwenye mashine ya kurekodi alikasirika, alitaka turudie. Kasilda akakataa. Akasema, 'Hapana, kiache, na yeye ameimba.'"

Hakuna aliyegeuka kunitazama. Au waligeuka, sikuona. Ule mguu uliokaliwa ukianza kupata damu unauma, kila mtu anajua, unauma mpaka unataka kupiga kelele, na mimi nilipiga kelele. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, niliangua kilio katikati ya uwanja wa shangazi yangu. Nilimlilia Emiliana. Nilimlilia yule msichana wa maikrofoni. Iliniuma kila mahali.

Mkono wa Baba ukaja begani kwangu, mzito, hauna mazoea.

"Urudie," akasema. "Ule wa haraka."